Nyungu ya Kisimani

Kisima chetu kilichimbwa kabla ya ule ugonjwa, na umoja wetu ulizaliwa na kisima. Kabla ya hapo, sisi wa upande huu wa Milanzi, hapa Sumbawanga mjini, tulikuwa majirani wa kawaida tu. Tulisalimiana, tukaazimana chumvi, tukatetana kidogo, basi. Maji ya bomba yalikuwa yanakuja yakijisikia, na wakati mwingine hayakujisikia mwezi mzima. Ndipo wenye nyumba tuliopakana tukakubaliana tuchimbe kisima chetu, tukafunga pampu ya mkono, tukaitia kufuli, tukachagua na mwenyekiti. Tulipata maji, na pamoja na maji tukapata vikao.

Mimi ni fundi cherehani. Mashine yangu iko barazani, na baraza langu linatazama kisima, kwa hiyo mambo ya umoja nayaona hata nisipotaka. Hapo nimesema kwa adabu. Ukweli ni kwamba nataka. Mtu akija kuteka ndoo tatu wakati siku zote anateka moja, siwezi kuendelea kushona mpaka nijue kapata mgeni gani. Mama yangu alikuwa akisema mimi nilizaliwa macho yakatangulia, mwili ukafuata baadaye.

Ugonjwa ulipoingia nchini tuliusikia kwanza redioni, halafu tukausikia kwenye kikao cha kisima. Mwenyekiti wetu alikuwa bwana afya mstaafu, mzee mrefu, mkavu, ambaye enzi zake alipita nyumba kwa nyumba akikagua vyoo. Alikuwa na koti moja la kijivu alilolivaa mvua na jua, na sauti ya chini iliyokulazimisha unyamaze ndipo umsikie. Siku hiyo alitupa masharti. Kila nyumba iweke mlangoni ndoo yenye koki na sabuni. Kisimani hakuna kushikana mikono, na ndoo zipangwe mbalimbali, hatua ndefu kati ya mtu na mtu. Asiye na barakoa asishike pampu. Akamaliza kwa methali aliyoipenda kuliko zote: mficha ugonjwa kifo humuumbua.

Hatukubisha. Mimi hasa sikuwa na sababu ya kubisha, maana vipande vya vitenge vilivyokuwa vimejaa kwenye kapu langu vyote viligeuka barakoa, na Milanzi nzima ikawa inanijia barazani. Kuhusu kushikana mikono, wazee wa Kifipa waliona ni jambo dogo. Wao wanakusalimia kwa kuchuchumaa na kupiga makofi ya taratibu, mkono wako wanauacha huko huko uliko.

Ubishi uliletwa na nyungu, ile ya kujifukiza mvuke wa majani. Jirani yangu wa mkono wa kuume ni mama mwenye duka, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa, ambaye mumewe anasafirisha mizigo kwa Fuso mpaka Tunduma. Watu walikuwa wameanza kunong'ona kwamba madereva wa mpakani ndio watakaotuletea ugonjwa, na yeye minong'ono ilimfikia. Akasimama kikaoni, akasema mume wake kila akirudi anajifukiza kwa nyungu kabla hajamshika mtoto, na kama umoja una akili, utajenga kibanda cha nyungu hapo hapo kisimani, kila mtu ajifukize, yaishe.

"Kinga ni kukaa mbalimbali," mwenyekiti alisema.

"Mwenyekiti, hilo ni la kukimbia ugonjwa. Nyungu inaufuata uliko."

Mikono iliyonyooshwa kuunga mkono nyungu ilikuwa mingi. Nilitegemea mwenyekiti apambane, maana si mtu wa kushindwa upesi. Hakupambana. Aliwatazama wale walionyoosha mikono, akafunga kikao, akaondoka mapema. Jambo hilo liliniingia kichwani likakaa.

Kibanda kikajengwa. Miti ilitoka Pito, nje kidogo ya mji, turubai lilitoka kwenye Fuso, na benchi lilitoka kwangu. Ndani waliweka jiko la mkaa na sufuria kubwa yenye majani ya mkaratusi, mchaichai na malimao. Waliingia watu sita sita kwa zamu, magoti yakigusana, turubai likafungwa juu yao mpaka chini. Niliacha kushona nikatazama. Watu wale wale ambao dakika chache nyuma walikuwa wamepanga ndoo zao hatua ndefu kati ya moja na nyingine, sasa walikuwa wanapumuliana usoni chini ya turubai moja.

Nikamuuliza mama wa duka, "Hapo nje tunakaa mbalimbali, humo ndani tunabanana. Ugonjwa utajua tofauti?"

"Humo ndani ugonjwa unakufa, fundi. Utaogopa maiti?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha nikaingia, kwa sababu kukaa nje bila kujua kunaniuma kuliko ugonjwa. Macho yalitoka machozi, pua ikafunguka, jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Mtu mmoja alikuwa anasali rozari kwa sauti ndogo, na mwingine anasimulia habari za binti wa watu. Ulikuwa ule msimu ambao upepo wa Sumbawanga unapenya hata masweta mawili, na nilipotoka nilielewa kwamba nusu ya wale watu walikuwa wanafuata joto. Kesho yake nilirudi, nami nilifuata joto.

Baada ya hapo nikawa najifunza nyumba kwa harufu. Wengi walikuwa na nyungu ya nyumbani pia, ya jioni. Kwa mama wa duka kulitoka karafuu na iliki, ukipita unaweza kudhani wanapika pilau. Nyumba ya pili yake ilinuka majani ya mpera. Nyumba moja ilinuka kitunguu saumu hadi paka wakahama. Nyumba ya mwenyekiti haikunuka kitu. Kibandani nako hakuwahi kuingia. Akiulizwa, anasema amejifukiza nyumbani alfajiri. Lakini mimi huamka alfajiri, na upepo wa kwake huja kwangu, na upepo ule ulikuwa haujabeba hata jani moja. Nilijiuliza kama ni kiburi cha bwana afya, au kama hana imani na nyungu na anaogopa kusema. Nilimchunguza kwa wiki nyingi bila kupata jibu, na kwa mtu wa aina yangu hiyo ni adhabu.

Katikati ya udadisi huo likaja sharti jipya. Mgeni yeyote anayetoka nje ya Milanzi apite kwanza kwenye nyungu ya kisimani, mbele za watu. Nyumba itakayoingiza mgeni bila nyungu haitateka maji kwa wiki mbili. Nilikuwa nakata kitambaa barazani nilipoyasikia hayo, nikaona ni maneno ya kikao tu.

Haikupita muda kaka yangu akapiga simu kutoka Kaoze, kijijini kwetu kule bondeni. Mama alikuwa ameteleza akitoka shambani, mkono umevunjika, na zahanati imesema ahudhurie hospitali huku mjini mpaka mfupa ushike. Angekuja kukaa kwangu. Nilifurahi, maana nilikuwa nimemkumbuka sana, halafu furaha ikakatika nilipotazama nje nikaona lile turubai. Mama yangu ana pumu. Tulikua tukilala chumba kimoja naye, na kifua chake kilikuwa kinapiga filimbi usiku hadi tukazoea. Moshi wa jiko ukiwa mzito, anatoka nje. Mvuke wa mkaratusi ndani ya turubai lililofungwa ungemmaliza, na hilo sikuhitaji daktari wa kunieleza.

Nikamfuata mwenyekiti kwake. Alinipokea uani, mbali kidogo, barakoa usoni, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba, fundi. Karibu hapo hapo."

Nikamweleza. Nilipotaja pumu aliinua macho kutoka kwenye viatu vyangu, akanitazama kwa muda.

"Ana dawa ya kuvuta?" aliuliza.

"Kule zahanati wanampa vidonge. Vikiwepo."

Akagusa koti lake kifuani. Nilidhani ananihurumia na kwamba nimeshinda. Kisha akasema, "Nikimwachia mmoja, kesho kila nyumba itakuja na sababu yake. Lipeleke kikaoni."

Nikalipeleka kikaoni. Mama wa duka, ambaye watoto wangu wamekula kwake mara nyingi kuliko wa kwake walivyokula kwangu, alinishika kwa maneno mazuri. Alisema pumu ndiyo hasa inayotibiwa na nyungu, na kwamba yeye mwenyewe atamshikia bibi mkono. Alikuwa anaamini kabisa anachosema. Lakini mwingine, nyuma, akasema tutajuaje kama ni pumu, siku hizi kila anayekohoa anasema ana pumu. Hapo kikao kikageuka. Neno lile lilipita vichwani mwa watu nikaliona likipita, na hata wale walioanza kunitetea wakatazama chini. Nilimwangalia mwenyekiti. Alikuwa ameinama, anajikuna goti. Akasema sharti linabaki. Bibi asiingie kwenye nyungu kama hataki, lakini nyumba yangu haitateka maji kwa wiki mbili. Akarudia methali yake, mficha ugonjwa kifo humuumbua, safari hii kwa sauti ya chini zaidi, kama anajisomea.

Nilikasirika, na nikikasirika sipungukiwi maneno. Niliwaambia kisima kile kina benchi langu na jasho langu, na kwamba wiki mbili nitateka Pito kwa shangazi, nitateka mtoni, nitateka hata mbinguni, lakini mama yangu hatapikwa kama mihogo. Nikaondoka. Nikampigia kaka simu nikamwaga yote: nani kasema nini, watanikatia maji, mimi sijali, amlete mama moja kwa moja nyumbani, asisimame kisimani. Nilipiga kelele hadi koo likauma.

Siku ya kuja kwao nilitoka asubuhi na madumu, nikapanda bodaboda hadi Pito kwa shangazi, ili mama akifika akute maji ya kuoga. Gari la kutoka Kaoze kwa kawaida hupanda mlima ule kwa kujivuta na kufika mchana. Siku hiyo liliwahi. Ninarudi, dumu mbele, dumu nyuma, naona kaka yangu amesimama kando ya kisima na begi la mama na kuku mmoja chini ya kwapa.

"Mama yuko wapi?"

Akaonyesha turubai kwa kidevu. Alikuwa na sura ya mtoto aliyevunja kitu. Akaniambia bodaboda ikiwa bado haijazima kwamba walipofika tu, mama alichuchumaa pale pale, akapiga makofi kwa mkono mmoja mzima juu ya goti, kwa kuwa ule mwingine ulikuwa kwenye bandeji. Akawasalimia wote waliokuwa kisimani, akauliza wageni wanapitia wapi. Kaka akamwambia mama, nyumbani ni kule. Mama akamwambia amshikie kanga, akainama, akaingia. Mama wa duka akaingia naye, amemshika bega, anamwambia karibu bibi, utajisikia mwepesi.

Ndipo nikasikia ile filimbi. Ilipenya turubai, nyembamba, ndefu, halafu ikawa haitoki tena, ikawa inavutwa tu. Niliangusha madumu. Yalipasuka au hayakupasuka, sijui, maji yote ya Pito yalimwagika barabarani. Nilikimbia, lakini mwenyekiti alikuwa karibu zaidi, pale kwenye pampu na ufunguo wake. Aliufungua mlango wa turubai, akaingia mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kuingia. Mama wa duka alikuwa analia kwa sauti, akivuta upande wa turubai hadi miti ikalala. Mvuke ukatawanyika, nikamwona mwenyekiti amembeba mama yangu kama anavyobebwa mtoto aliyesinzia.

Akamkalisha kwenye saruji ya kisima. Midomo ya mama ilikuwa imebadilika rangi. Mwenyekiti akavua barakoa yake akaitupa, akafungua vifungo vya lile koti, akaingiza mkono ndani kabisa, kwenye mfuko wa kifuani, akatoa inhela, kile kichupa cha dawa ya pumu cha kubonyeza mdomoni. Akakitikisa, akakiweka kwenye mdomo wa mama yangu.

"Toa pumzi, mama. Haya, sasa vuta. Shikilia. Usiache. Toa taratibu."

Akabonyeza tena. Sauti yake ilikuwa tulivu, na vidole vyake havikutafuta mahali pa kushika. Nilipiga magoti mbele ya mama nikamshika miguu, nikawa nasema mama, mama. Filimbi ilirudi, kubwa kwanza, kisha ikashuka. Akanitazama. Akanipigia makofi kidogo kwenye goti lake, kunisalimia.

Mwenyekiti alijaribu kusimama, akashindwa. Ule mvuke ulikuwa umemkamata na yeye. Alijishika kwenye pampu, akakohoa, akainama, akakohoa tena, na kifua chake kikatoa sauti ile ile ya kifua cha mama yangu. Alituzungushia macho sote. Halafu, bila kukifuta, akakiweka kile kichupa mdomoni mwake, akabonyeza, akashikilia pumzi.

Kuku wa kaka ndiye aliyekuwa analalamika peke yake.

"Kumbe, Mwenyekiti," mama wa duka alisema mwishoni, kwa upole.

"Tangu utotoni," alijibu. Akapumua kwanza. "Hamkusikia walivyosema kikaoni? Kila anayekohoa. Bwana afya mwenye kikohozi, miezi hii, nani angemsikiliza? Mngenifungia ndani na ndoo yangu."

Sikuweza kubisha, maana ni kweli tungemfungia. Nilikuwa nimekuja na hasira iliyoiva, nimeibeba tangu kikaoni, na sasa sikujua pa kuitua. Mtu huyu alikuwa amejua kuliko sisi sote turubai lile lingemfanya nini mama yangu, na akanyamaza. Mtu huyu huyu ndiye aliyekuwa amemtoa. Nilimchukia na nikamshukuru kwa pumzi moja. Nikamwambia ahsante, nayo ilinitoka kwa ukali. Aliipokea hivyo hivyo.

Mama wa duka hakungoja kikao. Alilikunja turubai mwenyewe, akaliburuta hadi kwenye Fuso, akarudi na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Akakaa kitandani kwangu na mama yangu bega kwa bega akimnywesha, akimwomba msamaha kila baada ya kijiko. Mama alimwambia asijali, uji una sukari ya kutosha.

Jioni tulipobaki wawili nilimuuliza. Nilikuwa nimejizuia mchana kutwa, na kujizuia si kazi yangu.

"Mama, kifua chako unakijua. Uliingia mle kwa nini?"

"Waliniambia wageni wanapita pale."

"Kaka alikwambia uje nyumbani moja kwa moja. Mimi nilimwambia akwambie."

Aliurekebisha mkono wake kwenye mto. "Simu ya kaka yako inapiga kelele. Ulipokuwa unagomba, nilikuwa nimekaa naye."

"Kwa hiyo ulisikia."

"Tulisikia wote, mpaka jogoo." Akavuta pumzi, nikaihesabu moyoni kuona kama inafika. "Mwanangu, mkono huu ukipona mimi nitarudi Kaoze. Wewe utabaki na hawa watu. Wakikunyima maji kwa ajili yangu, mimi nikishaondoka, utateka wapi?"

Wiki nzima nilikuwa nimegombana na Milanzi nzima nikidhani mimi ndiye ninayemkinga yeye. Nililia pale pale, nimeweka kichwa kwenye blanketi lake, naye akanigonga gonga mgongoni kwa mkono mzima, kama anavyonigonga tangu nikiwa mdogo, akaniambia basi, basi, nipe maji ya kunywa.

Nikaenda kwenye ndoo. Ilikuwa tupu, na madumu ya Pito yalikuwa yamemwagika barabarani. Nikachukua ndoo nikatoka hadi kisimani. Kufuli lilikuwa linaning'inia wazi kwenye mkono wa pampu, ufunguo ukiwa ndani yake. Nilisukuma pampu huku ninalia, na siku hiyo sikugeuka kutazama ni nani ananitazama.